Ncha ya sumaku ya kaskazini: wanajuaje ilipo leo?

Mshale_Mwekundu: Wakuu, inasemekana ncha hii imetoka Kanada na inaelekea Siberia. Nani anakwenda kule barafuni kuipima? Na kwa nini mwaka 2019 modeli ya sumaku ya dunia, yaani ramani ya hesabu inayotumiwa na dira, ilirekebishwa kabla ya muda wake?

Theodolaiti: Zamani walikwenda kweli. James Clark Ross aliifikia tarehe 1 Juni 1831, rasi ya Boothia, Kanada. Dira ya kawaida hapo haina kazi kwa sababu uga wa sumaku unazama wima, hakuna nguvu ya ulalo ya kuvuta mshale. Alitumia sindano ya mwinamo, ile inayopanda na kushuka. Ikisoma karibu nyuzi 90, umefika.

Leo ncha inakokotolewa. Setilaiti tatu za Swarm, mradi wa Ulaya wa kupima uga wa sumaku wa dunia, zilizorushwa Novemba 2013, zina vifaa vyao vya kupimia kwenye mlingoti wa mita 4 ili vikae mbali na umeme wa chombo chenyewe. Modeli ikishapatikana kutokana na vipimo hivyo, hutafutwa mahali nguvu ya ulalo inapokuwa sifuri.

Nanotesla: Vituo vya ardhini navyo visisahaulike. Huko hutumika theodolaiti (chombo cha kupimia pembe) isiyo na chuma, yenye sensa, yaani kihisi cha sumaku, juu ya darubini. Unaizungusha mpaka sensa isome sifuri, yaani imekaa pembemraba na uga, kisha unasoma pembe. Unarudia kwa mikao minne na kuchukua wastani, maana sensa haijawahi kukaa sambamba kabisa na darubini. Funguo mfukoni au bizimu ya mkanda vinatosha kuharibu kipimo chote.

Mshale_Mwekundu: Shukrani. Na 2019?

Theodolaiti: Modeli hutolewa kila miaka 5, ikichukulia kwamba mabadiliko yataendelea kwa mwendo uleule. Chuma kilichoyeyuka huko kiini cha nje cha dunia, ndicho kinachozalisha uga, hakifuati ratiba hiyo. Mwaka 2016 mwendo wa uga ulibadilika ghafla, huku ncha ikikimbia takriban kilomita 50 kwa mwaka, na kosa huko Aktiki likapita kiwango kinachoruhusiwa. Toleo la dharura likatoka Februari 2019. Sasa mwendo umepungua hadi kama kilomita 35.

Nanotesla: Nyongeza: siku ya dhoruba ya jua ncha inaweza kuyumba hata kilomita 80 kutoka mahali pake pa wastani, kwa hiyo ile nukta ya ramani ni wastani tu. Tumia WMM2025, toleo la sasa la modeli hiyo, mwisho wake ni 2029. Penye nguvu ya ulalo chini ya nanotesla 2,000 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya uga), weka dira mfukoni.