Wakuu, nimuue adui wa riwaya yangu au nimwache?

Kalamu_Butu: Heshima kwenu wakuu. Naandika riwaya ya kifantasia, kila Ijumaa natupia sehemu moja kwenye kundi la WhatsApp. Shujaa wangu Kitwana keshamkuta mchawi Mwinyi Giza pangoni. Sehemu ya 41 ni keshokutwa. Nimuue? Usingizi sipati. Matusi hapana.

Mama_Pilipili: Unakesha kwa ajili ya mtu wa kwenye simu? Wenzio tunakesha na ada.

Mwl_Mstaafu: Swali zuri, kijana. Jung, yule tabibu wa nafsi wa Uswisi, alisema yale tusiyotaka kuyakiri ndani yetu huwa kivuli, kisha tunayaona kwa wengine na kuwachukia kwayo. Tafuta riwaya ya A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, ya 1968. Mchawi kijana Ged, kwa majivuno ya ujana, anafungulia kivuli. Anakikimbia kisiwa hadi kisiwa, halafu anageuka, anakiwinda yeye. Wanapokutana mbali huko baharini, Ged anakiita kwa jina nacho kinamwita, na jina ni moja: Ged. Sasa huyo Mwinyi Giza wako kakosa nini?

Kalamu_Butu: Kauza chemchemi ya mama yao kwa majini. Ni kaka yake Kitwana.

Dereva_wa_Usiku: Kaka! Mbona hukusema? Wangu alichukua ng'ombe wangu wawili wa mahari 2014, mpaka leo ananiambia "tutaongea". Ua huyo, tena polepole.

Mtumishi77: Majini, mapango, uchawi. Vijana ombeni.

Mwl_Mstaafu: Kalamu, wewe una kaka?

Kalamu_Butu: Ninaye. Sawa, niseme tu. Mwinyi Giza anapuliza chai mara tatu kabla ya kunywa, anafuta mdomo kwa mgongo wa kiganja. Ndivyo alivyo kaka. Shemeji yumo kwenye kundi, kashamsomea.

Mama_Pilipili: Kwa hiyo kaka'ko aliuza mali ya mama yenu?

Kalamu_Butu: Kiwanja niliuza mimi. Lakini na yeye alikaa mjini miaka sita hakutuma hata mia, akarudi anafoka! Halafu sehemu ya 41 nimeshaiandika, anakufa. Wasomaji wanataka damu.

Mwl_Mstaafu: Basi umempa sura yake na dhambi yako. Andersen, yule mtunzi wa hadithi wa Denmark, ana hadithi ya 1847: kivuli cha msomi kinamtoroka, kinarudi kimetajirika, na anayeuawa mwishoni ni msomi. Hakikisha unajua nani anafia humo pangoni.

Nimekaa_Pale: Wakuu, hii chai. Tena imepulizwa mara tatu. Akaunti ina siku nne, riwaya ina sehemu 41. Kesho ataweka namba ya kulipia.

Dereva_wa_Usiku: 😂😂 Sehemu moja bei gani?

Kalamu_Butu: Si chai jamani! Mia tano tu.

Nimekaa_Pale: Si mnaona?

Dereva_wa_Usiku: Na mimi nilishaanza kumhurumia.

Mama_Pilipili: Chai au maji, mimi nataka kujua hela ya kiwanja ilikwenda wapi.

Kalamu_Butu: Nilinunua pikipiki, mama.

Mama_Pilipili: Iko wapi?

Kalamu_Butu: Iliibwa. Kwenye riwaya ni farasi mweupe. Kitwana ndiye anayempanda.