Jamani nani ana namba ya dokta wa mbwa

Majirani Kibirizi, Kigoma 🐟

*Saa 3:40 usiku*

Neema: Jmn samahanini kwa usiku huu, nani ana namba ya dokta wa mifugo anayepokea simu saa hizi?? Bobi anatoka povu mdomoni anatetemeka miguu yote, jioni alikuwa mzima kabisa kala ugali wake na vichwa vya migebuka

Baba Shukuru: Povu??

Baba Shukuru: Neema ondokeni hapo haraka huyo ana kichaa. Watoto wote waingie ndani. Mjumbe uko wapi, vijana waje na marungu kabla hajang'ata mtu

Hamisi Bajaji: Dah Bobi 😭 si ndo huyu anawasindikizaga kina mama mwaloni alfajiri

Mama Tausi: Marungu ya nini tena baba Shukuru. Neema mpeni mawese kijiko kikubwa yanakata sumu, marehemu mama alikuwa anafanya hivo hadi kwa watu

Baba Zawadi: Maziwa ndo yanakata sumu

Mama Tausi: Maziwa saa hizi atayatoa wapi

Neema: Bwana mifugo wa kata nimepiga hapatikani 😭😭

Baba Zawadi: Hapa ni mwisho wa reli mwanangu, dokta wa mbwa usiku huu labda umsubiri aje na treni

Mjumbe: Baba Zawadi acha utani. Neema nimekutumia namba inbox, ana duka la dawa za mifugo kule Mwanga, ndo alimzalisha ng'ombe wa shemeji yangu usiku wa manane. Piga hata mara kumi atapokea tu

*Saa 3:52*

Neema: Kapokea!! Kasema tusimpe KITU CHOCHOTE mdomoni, sio maziwa sio mawese sio yai, kwa sababu akitetemeka hivi hamezi vizuri kitu kinaenda kwenye mapafu, halafu hayo mafuta sumu zingine ndo zinapitia humohumo kuingia mwilini. Kaniambia nimmulike tochi machoni nimwambie mboni zikoje, nikaona zimekuwa vitone vidogoo kama tundu la sindano hata nikimulika ziko vilevile tu, na machozi yanamtoka na kajikojolea na anaharisha palepale alipolala. Kasema hiyo yote pamoja inafanana na dawa ya wadudu, zile za kupulizia nyanya, tumpeleke SASA HIVI na tukiona mabaki ya alichokula tuyaweke kwenye mfuko twende nayo

Baba Shukuru: Na kichaa je, kakihakikisha vipi kwa simu

Neema: Hilo ndo kaniuliza kwanza kabisa baba. Kachanjwa lini, kaumana na mbwa wengine hivi karibuni, tabia ilibadilika siku hizi? Kadi tunayo, alichomwa mwaka jana kwenye ile chanjo ya bure ya siku ya kichaa cha mbwa 28 Septemba. Kasema kichaa mara nyingi hakimwangushi mbwa ghafla hivi baada ya kula, anaanza kubadilika siku kadhaa, mpole anakuwa mkali au mkali anajificha uvunguni, kubweka kunakuwa kwingine, kumeza kunamshinda. Lakini kasema kadi au sio kadi, mate yake tusiyashike mikono mitupu, tuvae hata mifuko ya rambo

Baba Zawadi: Rambo si zilipigwa marufuku toka 2019

Mama Tausi: Baba Zawadi kalale 😂

Hamisi Bajaji: Neema mtoeni nje nakuja na bajaji. Ila Babu Rajabu shikamoo, naomba kuuliza, huyu anachuruzika mate na siti zangu za kitambaa, na kesho Ijumaa nabeba watu wa msikitini, inakuwaje hapo

Mzee Rajabu: Marahaba mjukuu wangu. Tandika gunia chini, juu yake turubai. Kama mate yatapenya yakaifikia siti utaosha mara saba, mojawapo na udongo, imekwisha, siti yako tohara. Wewe unayesita hujasikia habari ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe? Nenda bwana.

Hamisi Bajaji: Nishawasha babu

*Saa 4:15*

Mama Neema: tuko njiani jamani tumeshapita stesheni tunapanda kilima cha Lumumba Hamisi anaendesha kwa adabu namuombea dua, Bobi yuko mapajani kwangu nimemfunga kanga ile ya harusi ya Rehema sijali, huyu mbwa toka baba Neema afariki ndo ananitoa mlangoni saa kumi alfajiri ananifikisha Kibirizi kwenye mitumbwi anakaa pembeni ya ndoo zangu mpaka nipate dagaa, sasa leo eti nimwache afe kwenye mchanga watu waniletee marungu

Mama Tausi: Pole dada yangu 😭

Mama Neema: Na Bobi kamng'ata Daudi kidole wakati Daudi anampakia, sio makusudi alikuwa anatetemeka, kidogo tu

Dada Nesi: Mama Neema hakuna kidogo tu. Daudi yuko nyumbani au yuko na nyie?

Neema: Yuko hapa nyumbani kafunga kitambaa

Dada Nesi: Afungue. Aweke kidole kwenye maji yanayotiririka, mwaga hata kwa jagi, aoshe na sabuni dakika 15 kwa kuangalia saa, asikadirie. Asipake majivu wala mafuta ya taa wala asikibane. Kesho asubuhi na mapema aende hospitali ya Maweni na hiyo kadi ya mbwa waamue wao kuhusu sindano. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hatuna dawa, ndo maana nasumbua

Neema: Sawa dada anaosha

*Saa 5:05*

Hamisi Bajaji: Tumefika zamani simu iliisha chaji. Dokta alikuwa ameshafungua na taa kawasha. Kamchoma atropini, ndo dawa ya kupinga hiyo sumu, akasubiri, kaongeza, anasema anaangalia mate, yakianza kukauka na moyo ukienda vizuri ndo anajua imetosha. Kamtundikia na dripu. Amemwosha na mdomo na manyoya maana iliyobaki kwenye ngozi nayo inaingia. Bado hasimami ila kutetemeka kumepungua

Mama Neema: kaniangalia 😭😭 analala hapahapa mpaka kesho. Elfu themanini na tano, nimelipa thelathini

Mzee Rajabu: Nimetuma kumi.

Mama Tausi: Na mimi tano nitatuma asubuhi bando limeisha naongea kwa kuibia waifai

Mjumbe: Ishirini kutoka kwangu. Baba Zawadi tunakusubiri

Baba Zawadi: Nilikuwa nimelala kama nilivyoambiwa. Natuma kumi

*Saa 5:31*

Neema: Daudi kapita na tochi nyuma ya uzio. Kuna dagaa zimemwagwa kwenye kifuniko cha ndoo, zina unyevu na zinanuka dawa. 📷

Mama Shukuru: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Shukuru: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Tausi: 👀

Hamisi Bajaji: Baba Shukuru mbona kimya marungu yameishia wapi

Mjumbe: Hamisi inatosha. Kila mtu ana panya, na mimi ninao wanakula mchele mpaka magunia. Ila dawa ya nyanya mnayopimiwa kwenye chupa ya maji haina hata maandishi, ukiimwaga kwenye dagaa unamtegea kila anayepita, kesho ni mtoto anayetambaa. Aliyeweka anitafute inbox usiku huu, sitamtaja. Daudi usiziguse, zifunike na beseni uweke jiwe juu, moja upeleke kwa dokta ndani ya mfuko.

*Ijumaa, saa 1:10 asubuhi*

Mama Neema: Kasimama!! Anayumba ila kasimama, kanywa maji mwenyewe. Dokta anasema abaki leo maana hali inaweza kurudi

Mzee Rajabu: Alhamdulillah.

Mama Tausi: Mungu mkubwa. Na mimi kumbe kuku wangu wawili wamelala usiku, nimewakuta wamekauka chini ya uzio, nimeshawanyonyoa niwahi kabla hawajaharibika, mtu anayetaka supu aje saa sita

Dada Nesi: MAMA TAUSI USIPIKE

Neema: Mama Tausi hao wamekula zilezile dagaa!!!

Dada Nesi: Kupika hakuondoi hiyo dawa. Nawa mikono na sabuni sasa hivi, sufuria usilitumie mpaka lioshwe, na usiwatupe jalalani mbwa wengine watawala. Shimo refu

Mama Tausi: Mmoja yuko jikoni tayari jmn

Mjumbe: Zima jiko nakuja na jembe