Kikundi cha baiskeli kutoka Mombasa kwenda Italia: Toscana ama kule tambarare?

Pedali_Tudor

Assalam aleikum na hamjambo nyote. Twaomba ushauri jamani, maanake kwenye grupu yetu ya wasap mjadala ushakuwa mrefu na hatufiki popote.

Sisi ni kikundi cha baiskeli, kama watu kumi hivi, Jumapili asubuhi mwatuona tukivuka daraja la Nyali kuelekea Mtwapa, wenye nguvu wakikaza mpaka Vipingo. Tumekuwa tukichanga kwenye chama na sasa pesa zimefika mahali pa kuongea, na wengi wataka Italia, wiki moja ya kuendesha baiskeli mashambani kijiji hadi kijiji. Si mbio. Twataka kuona, kula vizuri na kurudi wazima.

Sasa shida ni uwezo haulingani. Tuna vijana wanaopanda Kwale bila kuteremka kwenye kiti, tuna kina mama walioanza juzi juzi tu, na tuna ami yangu ambaye ashapita sitini na ndiye anayeipenda baiskeli kuliko sisi sote, lakini magoti yake yamsumbua na hatutaki kumwacha nyuma hata siku moja. Kila picha ya Italia tunayoona ni Toscana, vilima na ile miti mirefu myembamba kando ya njia, na vijana washaamua ni huko. Mimi moyo wasita. Kwa aliyefika, mwaonaje? Na mwezi gani, na chakula halali chapatikana vipi, na hii visa yaanzia wapi?

mlima_mwatate

Waaleikum salaam kaka. Toscana nimeendesha na naipenda sana, sitakudanganya, ukitoka Siena asubuhi ukungu bado uko mabondeni na mji umeuacha juu nyuma yako, hiyo picha haitoki kichwani. Lakini ami yako na magoti yake tuongee ukweli.

Kwale ni mlima mmoja, unapanda, ukifika mjini umemaliza. Chianti, lile eneo la vilima la Toscana, haina kumaliza. Unapanda kilomita mbili tatu, unateremka, unavuka kijito, unapanda tena, kutwa nzima ni hivyo, kwa sababu vijiji vyao vya zamani vilijengwa juu ya vilima kwa ajili ya ulinzi, kwa hivyo hata pale unapotaka kulala ni juu, ushachoka na bado wapanda. Alafu nyingi ya zile njia nzuri ni changarawe nyeupe, strade bianche, na ndizo zilizozipa jina mbio za wakubwa zinazoendeshwa tangu 2007 na kuishia Siena kwenye uwanja wa Piazza del Campo. Ile njia ya mwisho ya kuingia mjini, Via Santa Caterina, mwinuko wake wafika asilimia 16. Wanaume wa kulipwa wanainuka kwenye viti pale.

Kama vijana wamekataa kabisa kubadilisha, basi wazee na wanaoanza wachukue baiskeli za umeme. Kule sheria ni mota ya wati 250 na yakusaidia mpaka kilomita 25 kwa saa tu, ukipita hapo wakanyaga mwenyewe, na usiposukuma pedali haiendi, kwa hivyo mtu bado afanya mazoezi. Mlimani ami atawapita hao vijana wenu nawaambia. Cha kuangalia ni kuteremka, ile baiskeli ni nzito na changarawe yateleza, mtu afanye mazoezi ya breki huku nyumbani kwanza. Nendeni Mazeras mpaka Kaloleni, hizo panda shuka zafanana kiasi, na kama mwaweza siku moja njooni kwetu mpande Mwatate hadi Wundanyi zile kona zote. Anayefika Wundanyi akiwa bado acheka, Toscana ataiweza.

Pale Toscana panapofaa kila mtu ni Lucca. Mji wote umezungukwa na ukuta wa zamani, juu ya ukuta kumepandwa miti na njia pana, mzunguko kama kilomita 4, watoto na mabibi wote wako pale na baiskeli.

gurudumu_la_pwani

Mimi napinga kidogo na kaka wa Mwatate, kwa heshima. Mkiwa na mtu wa magoti na watu wapya, safari ipangwe kwa yule wa mwisho si kwa yule wa kwanza. Nimeona vikundi vikivunjika urafiki kwa sababu wenye nguvu walichagua njia, siku ya kwanza watu wanasubiriana kwa kicheko, siku ya tatu hakuna anayesubiri, na yule aliye nyuma ala chakula cha mchana peke yake. Pesa mmechanga pamoja, endesheni pamoja.

Nendeni kaskazini, bonde la mto Po. Pale ni tambarare kama Bamburi. Anzieni Peschiera del Garda, pale mto Mincio watoka kwenye ziwa Garda, kuna njia ya baiskeli mpaka Mantova kama kilomita 45, karibu yote lami na mbali na magari, mto uko ubavuni. Katikati mtapita Borghetto, kijumba hapa kijumba pale na vinu vya maji vya zamani juu ya mto, simameni hapo msiwe na haraka. Mantova yenyewe imezungukwa pande tatu na maziwa matatu, ukiingia na baiskeli kupitia daraja waona mji umesimama majini, na mtu wa Mombasa anayeujua mji wa kisiwa atapapenda mara moja.

Kutoka Mantova mwaelekea Ferrara, hapo msikazane siku moja, laleni San Benedetto Po ama Ostiglia mgawanye. Njia kubwa iko juu ya tuta lililojengwa kuzuia mafuriko. Huku mto mpana wa rangi ya udongo, huku mashamba ya mahindi na mistari ya miti ya mipopla imepandwa sawasawa, na kimya, wasikia cheni yako tu na ya mwenzako. Lakini tuta halina kivuli. Jua lawapiga toka asubuhi na kama upepo umegeuka wawasukuma nyuma kutwa, basi pangeni wenye nguvu wawe mbele wakate upepo na ami akae nyuma yao, hapo ndipo vijana watapata kazi yao.

Ferrara ndio mji wenyewe wa baiskeli. Watu wa kila umri, mabwana wa suti, mabibi na kapu la mboga mbele na mwavuli mkononi, wote wako juu ya baiskeli wala hawana haraka. Ukuta wa mji una kilomita 9 na mwaweza kuuzunguka. Katikati ya mji barabara ni mawe ya mviringo, pale mtatikisika mpaka meno, punguzeni upepo wa tairi kidogo. Alafu toka Ferrara kuna njia ya Destra Po yafuata mto mpaka baharini kule delta, na ukigeukia Comacchio kuna flamingo kwenye maji ya chumvi. Mbu wako, bebeni dawa.

Vijana wakilalamika wapeni siku moja yao mwishoni. Kutoka Milano treni mpaka Varenna, feri mpaka Bellagio, alafu wapande mlima wa Ghisallo kama mita 750 juu ya bahari, sehemu nyingine mwinuko ni asilimia 14. Pale juu kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, yaani Bikira Maria wa Ghisallo, ambaye Papa alimtangaza mlinzi wa waendesha baiskeli 1949, na ndani kumetundikwa baiskeli na jezi za kina Coppi na Bartali, mabingwa wa mbio wa Italia wa zamani. Huyu Bartali wakati wa vita alibeba karatasi za bandia ndani ya fremu ya baiskeli yake ili Wayahudi waokoke, na wanajeshi wakimsimamisha walidhani ni mazoezi. Hata mtu asiye na habari na mbio, hadithi hiyo yamgusa.

mama_wa_Kizingo

Mwanangu Pedali_Tudor, hao kina mama walioanza juzi niko upande wao kwa hivyo nasema na gurudumu, tambarare. Mimi niliendesha huko na mume wangu na dada zangu.

Chakula wacha nikupe vizuri kwa sababu watu huja hapa wakiambiwa pizza tu. Pizza margherita ni salama, nyanya jibini na majani. Lakini kaskazini nguruwe huingia mahali usipodhani. Ile chapati yao ya Romagna, piadina, mara nyingi hukandwa na mafuta ya nguruwe, lazima uulize, wako wanaotumia mafuta ya zeituni. Supu za tambi huwa na mchuzi wa nyama. Risotto hutiwa mvinyo. Kwa hivyo ukikaa tu mwambie mapema senza maiale, senza vino, yaani bila nguruwe, bila mvinyo, asemaye kwa adabu hujibiwa kwa adabu, na wao mambo ya chakula huyachukua kwa uzito sana. Mantova na Ferrara wana tambi zilizojazwa boga, tamu, sisi wa boga la nazi tutaijua ladha yake, lakini agizeni ya siagi na majani, Ferrara pia huileta na rojo la nyama na nyama hiyo ndani yake huwa na nguruwe. Miji hiyo ina mabucha halali ya Wamoroko, na mkikodi nyumba yenye jiko, jioni mwapika wenyewe, sisi tulibeba bizari ya pilau na binzari na wenye nyumba walikuja kunusa jikoni wakaishia kukaa mezani.

Kibla kule ni kusini mashariki, msikae mkaelekea kaskazini kwa mazoea ya huku. Na mkienda Juni jua lazama kama saa tatu usiku, Isha yachelewa sana, na nyinyi ni wasafiri mna ruhusa yenu.

Kwa kina mama, dera wacheni Mombasa, laingia kwenye cheni. Suruali pana iliyobana kifundoni, na ndani yake kaptura yenye pedi, hamna atakayeiona na siku ya pili mtanishukuru.

malindi_kwetu

Ciao, mimi niko Malindi na nimefanya kazi na Waitaliano maisha yangu yote na kwao nimeenda, naongeza yale ambayo hayajasemwa.

Mwezi: Mei ama Septemba. Julai na Agosti joto la bondeni ni kali na unyevu wake ni mzito, na katikati ya Agosti nchi nzima iko likizo, tarehe 15 ndio sikukuu yenyewe, vijijini mwaweza kukuta duka limefungwa na mkahawa umefungwa. Hata siku za kawaida maduka ya vijijini hufungwa kutoka kama saa saba mchana mpaka saa tisa unusu ama kumi, nunueni maji na matunda asubuhi. Maji ya bomba la kijijini mwaweza kunywa, ila pakiandikwa non potabile, yaani si ya kunywa, pitieni mbali. Kahawa nyweni mmesimama kaunta, mkikaa kwenye meza mara nyingi bei hupanda.

Barabarani wao huenda kulia. Moja kwa moja mtu huzoea haraka, hatari iko kwenye raundabauti na pale unapotoka hotelini asubuhi barabara tupu, mwili wajipeleka kushoto wenyewe. Wekeni mtu mmoja wa kupiga kelele "kulia!" kila mkianza. Na breki, kule baiskeli nyingi breki ya mbele iko mkono wa kushoto, kila mtu aijaribu yake uani kabla ya kuingia njiani. Usiku nje ya mji na ndani ya mahandaki sheria yataka kizibao kinachong'aa.

Treni ndio rafiki yenu. Treni za kawaida za mkoa zenye alama ya baiskeli zachukua baiskeli kwa tikiti ndogo ya ziada, lakini nafasi ni chache kwa kila treni, watu kumi mgawanyike. Zile za kasi hazikubali baiskeli nzima, mpaka ikunjwe ama ifunguliwe iwe kwenye begi.

Visa ni ya Schengen, Euro 90 kwa mtu mzima, bima ya kuanzia Euro 30,000, na mwaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kila mtu aenda mwenyewe Nairobi kuweka vidole, hamna kutumana. Bima muulize kwa mdomo kabisa kama yamkinga mtu akianguka na baiskeli. Na hoteli hutoza ushuru wa mji kwa kila usiku, hulipwa kando pale pale, uingizeni kwenye bajeti ya chama.

Pedali_Tudor

Mashallah, Mungu awabariki. Nimemsomea ami yote haya jana baraza, ile ya kuendesha juu ya tuta vijana wakimkatia upepo ameipenda akataka nimrudilie. Tumekata: Peschiera, Mantova, Ferrara, Septemba, na vijana wana siku yao ya Ghisallo na wamekubali bila kununa. Ami achukua ya umeme. Mama yangu wa Kizingo, kina mama wauliza kama utakubali kikao nao kuhusu hizo kaptura.

Limebaki moja, tubebe baiskeli zetu ama tukodi?

fundi_MwembeTayari

Kodini. Kupakia baiskeli kumi kwenye maboksi, kufungua kurudisha, gharama ya ndege, alafu mufika mkuta hanga ya gia, kile chuma kinachoshika gia nyuma, imepinda, wiki yenyewe ni moja. Lakini kila mtu abebe kiti chake na pedali zake, kiti ndicho kitakachomuumiza mtu siku ya pili, na kwenye begi havichukui nafasi. Spana ya pedali na ufunguo wa elo wa kiti aweko mmoja wenu mwenye navyo, na pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, asije mtu akailazimisha akala nyuzi.

Tumeni urefu wa kila mtu na urefu wa mguu kutoka chini mpaka kwenye msamba wiki kadhaa mbele, ombeni tairi za upana wa milimita 40 hivi kwa yale mawe ya Ferrara. Kupima leteni watu gereji Jumamosi baada ya asri, ami pia aje, tumwekee kiti juu kidogo tuone magoti yasemaje.

mama_wa_Kizingo

Nitakuja nao Jumamosi hiyo hiyo hapo gereji, inshallah.