Naomba ushauri: ofa moja mkononi, nyingine bado "tutakujulisha"

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mhandisi wa programu hapa Dar. Kampuni moja imenipa ofa, wanataka jibu Ijumaa saa kumi jioni. Ya pili, ninayoitamani zaidi, nimemaliza usaili wote hadi wa mkuu wa teknolojia. Dada wa HR anajibu tu "tunakamilisha taratibu za ndani". Nimemkumbusha kwa barua pepe, kimya.

Ofa ya kwanza ina mshahara mnono, ila ni mkataba wa kujitegemea: NSSF na bima najilipia. Na nilipo sasa lazima nitoe notisi ya siku 28.

Je, nikiwaambia hawa wa pili kuwa nina ofa yenye mwisho, wataona nawatisha? Na kuomba siku za ziada kwa wa kwanza, mnaandikaje wasiichomoe ofa?