Holga, simu au kadijitali ka zamani: nianze na ipi?

mchanga_wa_tanga
Wakuu, salaam. Nataka kupiga picha zile za rangi iliyopauka, pembe nyeusi, mwanga umevuja, huku bandarini na sokoni. Nina njia tatu mezani: Holga ya plastiki inayotumia mkanda (filamu) mpana wa 120, kamera ndogo ya dijitali ya miaka ya 2000, au programu ya simu. Mfuko hauruhusu zote. Aliyejaribu zaidi ya moja anisaidie.

fundi_negativu
Holga, bila kusita. Ilibuniwa Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980 iwe kamera ya bei nafuu, na unafuu huo ndio utamu wake. Shata, kile kifuniko kinachofunguka kuruhusu mwanga, ina mwendo mmoja, kama 1/100 ya sekunde. Umbali unauchagua kwa vichoro: mtu mmoja, familia, kundi, mlima.

Ila chunga swichi ya chini yenye N, ya kawaida, na B. Ikisogea B, shata hubaki wazi muda wote kidole kikiwa juu yake. Ilinisogelea ndani ya mkoba siku ya harusi ya binamu yangu, mkanda mzima ukatoka ukungu mtupu. Nimeibana kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, na tepu hiyo hiyo naizungushia mgongo wa kamera, maana vibanio vyake hulegea.

Shata haikufungamana na kuzungusha mkanda. Ukisahau kuzungusha, picha mbili zinalaliana. Ninayo moja hivyo: bibi ameketi kibarazani, na juu ya kanga yake zimetandwa nyavu za wavuvi. Singeweza kuipanga hata ningetaka.

zuhura_unguja
Kaka, mbona hukumwambia habari ya kusafisha? Picha ni 12 tu za mraba kwa mkanda mmoja, na kupata studio inayosafisha siku hizi ni kazi. Mimi nasafisha mwenyewe, nyeusi na nyeupe. Dawa yangu inataka nyuzi 20, na maji ya bomba hapa ni ya vuguvugu mchana kutwa, basi chupa naiweka kwenye beseni la barafu, kipimajoto mkononi. Mikanda inakaa kwenye friji. Naitoa saa mbili kabla ya kufungua pakiti, isije ikaingia unyevu.

mwanga_nrb
Natetea simu. Programu ya Hipstamatic ilitoka 2009, na Damon Winter, mpiga picha wa New York Times, aliitumia kuwapiga picha wanajeshi wa Marekani Afghanistan. Mwaka 2011 picha hizo zikashika nafasi ya tatu katika mashindano ya Pictures of the Year International, na wapiga picha za habari wakabishana sana kama ni halali. Chagua mtindo mmoja, kaa nao mwezi mzima. Macho ndiyo yanayojifunza.

fundi_negativu
Nakuelewa, ndugu. Lakini niliwahi kuona mstari ule ule mwekundu kona ile ile kwenye picha kumi za simu. Hapo mwanga haujavuja, umechorwa.

baba_mwana
Kadijitali ka zamani nako si haba, flashi yake usiku ni tamu mno. Kaombe kawashwe kabla hujalipa, na uliza kadi: nyingi za zamani hazisomi kadi ya SD inayozidi GB 2.

mchanga_wa_tanga
Ahsanteni. Simu mwezi huu, kisha Holga kwa mkanda mmoja wa kujaribia. Dada Zuhura, ninunue mkanda wa ISO ngapi, yaani wepesi gani wa kunasa mwanga?

zuhura_unguja
Jua la saa sita, 100. Mawingu au jioni, 400. Na toa kifuniko cha lenzi kabla ya kubonyeza. Kile kidirisha cha kutazamia hakipiti kwenye lenzi, utaona kila kitu sawasawa huku mkanda haupati kitu.