Kusafirisha vyakula vya pakiti na makopo kwa lori kuvuka mpaka, mnaanzaga wapi?

mfungashaji_mpya
Wakuu habari zenu. Nafungasha vyakula vikavu na vya kukaa muda mrefu, nina supu ya unga ya pakiti, sosi ya nyanya kwenye mitungi ya kioo na biskuti. Nimepata mteja nchi jirani anataka paleti 11 (yale majukwaa ya kupangia katoni) kwa mpigo, zipite barabarani. Mimi nikajua kwa vile hakuna friji na tarehe ya kuisha bado miezi 18 basi ni kupakia na kwenda, sasa mwenye lori kaniuliza ushuru analipa nani na cheti cha afya kiko wapi, nikabaki namwangalia tu. Kwani kitu kisichooza nacho kinadaiwa cheti cha afya?? Invoisi nimeandika "vyakula mchanganyiko katoni 660", hiyo si inatosha jamani?

mzee_wa_trela
Mkuu hiyo invoisi ichane kabla haijakuletea balaa. "Vyakula mchanganyiko" kwa afisa wa forodha ni sawa na kumwambia njoo fungua kila kitu. Kila bidhaa iwe na mstari wake, jina linaloeleweka, idadi ya katoni, uzito wa bidhaa yenyewe na uzito pamoja na maboksi, thamani, namba ya bachi (toleo la uzalishaji), na nchi ilikotengenezwa. Alafu pakingi listi, yaani orodha ya vilivyofungashwa, iseme yale yale na waraka wa dereva useme yale yale. Nimewahi kulala mpakani siku mbili kisa katoni mbili tu, invoisi inasema 480, pakingi listi 478, mwenye mzigo alitoa mbili zilizobonyea wakati wa kupakia akasahau kurekebisha karatasi moja. Mzigo mzima ulishushwa ukahesabiwa upya, na gharama ya vibarua ikawa juu yake.

Kitu kingine, paleti 11 hazijazi trela. Trela la mita 13.6 linabeba paleti 33 za sm 80 kwa 120, kwa hiyo wewe utachangia lori na wengine. Muulize mwenye lori utakaa na nani humo ndani maana biskuti zinanyonya harufu vibaya sana, ukiwekwa karibu na sabuni au matairi mteja atakupigia simu. Na mwenzio karatasi zake zikigoma na wewe unagoma naye.

karani_mpakani
Nijibu la cheti cha afya maana ndo linalowaangusha wengi. Kuoza au kutooza ni habari ya friji, maafisa wa mifugo na wa mimea wanaangalia ndani mna nini. Geuza pakiti ya supu usome viambato. Ukikuta nyama, mafuta ya mnyama, maziwa ya unga au mayai, nchi nyingi zitataka karatasi kutoka mamlaka ya mifugo ya kwako na pengine kiwanda kiwe kwenye orodha yao ya walioidhinishwa, hata kama kiambato chenyewe ni kiduchu. Kila nchi ina kiwango chake kwa hiyo mteja wako aulize kwao KABLA hujapakia na ajibiwe kwa maandishi, sio "nimeambiwa haina shida".

Kwenye namba za HS, zile za kimataifa za kupanga bidhaa forodhani, tarakimu 6 za mwanzo ni moja dunia nzima, zinazofuata kila nchi inaongeza zake, kwa hiyo usinakili namba nzima ya kwako ukadhani umemaliza. Na ujue nyanya iliyosagwa na kuhifadhiwa iko kwenye namba ya HS 2002, ila ikishakua sosi inahamia 2103, supu ni 2104. Ushuru unaweza kutofautiana sana hapo. Chakula kingine kikiwa na nyama zaidi ya 20% ya uzito kwa kawaida kinahamia sura ya 16 ya HS, ya vyakula vya nyama na samaki, na hapo masharti yanabadilika, ila supu na sosi zinabaki kwenye namba zake.

Ushuru nani analipa: mmekubaliana DAP au DDP, yale masharti ya kimataifa ya mauzo? DAP wewe unafikisha mzigo, kutoa forodhani kule ni kazi ya mteja. DDP yote juu yako pamoja na ushuru wa nchi usiyokua na ofisi. Kwa mzigo wa kwanza mimi nisingegusa DDP.

mama_stoo
Na mimi niongezee upande wa mzigo wenyewe maana mie ndo napokeaga. Paleti za mbao ziwe na mhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kwenye mbao za kufungashia, ule wenye kialama cha suke la ngano na herufi HT, maana yake mbao imepashwa mpaka katikati ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. Bila mhuri chakula kinaweza kuwa kisafi kabisa na bado ukarudishwa kwa ajili ya ubao. Ukitumia za plastiki hiyo habari haipo.

Mitungi ya kioo ndo inanitoa machozi. Lori likipita sehemu ya baridi kali sosi inaganda, inatanuka, kioo kinapasuka. Likitoka kwenye joto kuingia baridi matone yanadondoka kutoka darini, katoni za juu zinalowa zinalainika na zile za chini zinabonyea kwa uzito. Weka kadibodi juu ya paleti na vifuko vya kunyonya unyevu, ni hela ndogo.

Mteja akishusha apige picha na aandike kasoro kwenye waraka wa dereva palepale. Kama safari iko chini ya mkataba wa CMR wa 1956, ule wa kimataifa wa kusafirisha mizigo kwa barabara, uharibifu unaoonekana unaandikwa wakati wa kupokea, usioonekana ana siku 7 bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Na fidia ya msafirishaji inahesabiwa kwa kilo, mwisho SDR 8.33 kila kilo (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), kwa hiyo kama bidhaa yako ni nyepesi na ghali kata bima ya mzigo.

mfungashaji_mpya
Asanteni sana wakuu. Nimegeuza pakiti hapa, supu ina maziwa ya unga NA mafuta ya kuku, sikuwahi hata kufikiria. Nikiitoa supu, sosi na biskuti zikatangulia?

karani_mpakani
Sosi sawa. Biskuti geuza nazo, siagi na maziwa vimo humo mara nyingi. Nchi kadhaa zinaziachia zikishaokwa vizuri na zikakaa bila friji, ila mteja aulize kwao.

mfungashaji_mpya
Nimegeuza. Siagi ipo. Naenda kumpigia mteja sasa hivi, na ile invoisi nishaichana.