Wanaoomba programu zilizochakachuliwa: nimfungie anayeomba au anayegawa?

Mlinzi wa Zamu anauliza:

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa chaneli ya gumzo ya watu wanaojifunza kurekodi muziki na kuhariri video. Watu wanasaidiana kweli kweli mle ndani. Mtu anaweka kipande cha sauti inayokwaruza, na muda si mrefu ameshaambiwa apunguze geini (kiwango cha sauti inayoingia) ya maikrofoni, asogee nyuma kidogo, arekodi tena. Kinachoniumiza ni maombi ya programu za wizi, yaani za kulipia zilizovunjwa kinga ("kraki") ili zifunguke bila leseni. Haipiti siku: "Mwenye FL Studio full atupie linki." "Naomba ile isiyodai leseni." "Kuna mwenye kraki ya hii plagini?" FL Studio ni programu ya kutengeneza muziki, na plagini ni programu ndogo inayoongezwa ndani ya kubwa.

Kanuni tunayo, imebandikwa juu kabisa, na wanaoisoma ni wachache. Tukaweka boti (programu inayojiendesha) ya kufuta ujumbe wenye maneno fulani, nayo ikaja na balaa lake. Tulipozuia neno "ufunguo" (namba ya kufungulia programu), ikafuta swali la mpiga kinanda aliyetaka kujua wimbo wake uko kwenye ufunguo gani. Tulipozuia "leseni", akafutiwa dada aliyeuliza kama leseni ya Creative Commons (ya kazi ambazo wenyewe wameruhusu zitumiwe) inamruhusu kutumia mlio alioupakua. Wale tuliowakusudia wameshahama, siku hizi wanaomba "dawa".

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anataka kila anayeomba atolewe papo hapo, bila onyo. Mimi nasita, kwa sababu wengi wa hao wameingia siku hiyo hiyo na hawajui kama kuna njia nyingine. Anayeninyima usingizi ni yule asiyeomba kitu. Anakaa kimya, akiona ombi anaandika "njoo inboksi", basi. Hapo hakuna linki ya kufuta. Nimfanyeje? Na huyu mgeni nimjibu vipi asikimbie?

Fundi Mitambo:

Mkuu, huyo wa "njoo inboksi" mtoe, tena usibishane naye. Mimi hutengeneza kompyuta za watu, nayajua matokeo yake.

Faili huja limefungwa kwa zip yenye nenosiri, ili antivairasi isione kilichomo. Ndani kuna karatasi ya maelezo, na mara nyingi hatua ya kwanza ni "zima antivairasi". Mtu anatii, kwa sababu ameshaambiwa kwamba kraki zote huonekana kama virusi hata zikiwa safi. Programu inafunguka vizuri tu, anafurahi. Kumbe nyuma yake kuna kingine kinachokusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi (faili ndogo zinazokumbuka kwamba umeshaingia) vya akaunti zilizo wazi. Akishachukua vidakuzi, mwizi anaweza kuingia kwenye akaunti yako ya video bila kuulizwa nenosiri wala namba ya uthibitisho.

Kuna pia kirusi cha STOP/Djvu, kilichosambaa sana kupitia kraki na vianzisha leseni vya uongo. Mteja mmoja aliniletea kompyuta, miradi yake yote ya muziki imeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa majina na haifunguki. Kila folda ina faili liitwalo _readme.txt: lipa dola 980, ukiwasiliana ndani ya saa 72 ni nusu yake. Emsisoft, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitoa zana ya bure ya kufungua baadhi ya faili za namna hiyo, lakini inategemea ufunguo uliotumika kuzifunga. Za yule kijana hazikufunguka. Alikuwa na albamu nzima mle.

Kwa hiyo ukimwachia mgawaji kwa sababu hajaweka linki hadharani, unamwachia awachague wageni wako mmoja mmoja, mahali usipoona.

Midundo:

Samahani wakuu, mimi natofautiana nanyi. Programu hizi ni ghali, na mwanafunzi hana kitu. Kampuni kubwa haitafilisika kwa sababu ya kijana mmoja anayejifunza. Mbona mnakuwa polisi wa matajiri?

Mlinzi wa Zamu:

Ndugu Midundo, bei ni kikwazo cha kweli na siwezi kumcheka mtu kwa kukosa hela. Lakini nusu ya vinavyoombwa kwetu ni plagini za watu wadogo, mtu mmoja au wawili wanaoandika programu usiku baada ya kazi. Mmoja wao yumo humo humo kwenye chaneli, anajibu maswali yetu bure. Nitamtazamaje siku kazi yake inagawiwa mbele yake nami nimenyamaza?

Halafu kuna chaneli yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998, DMCA, inazipa kinga kampuni zinazobeba maudhui ya watu, ila kwa masharti: zikipewa taarifa ziondoe kinachokiuka haki, na ziwe na utaratibu wa kuwafungia wanaorudia. Kundi likijulikana kwa hayo, linaweza kufungwa zima. Yataondoka na majibu yote tuliyoandikiana, pamoja na ya huyo mwanafunzi unayemtetea.

Mama Kinasa:

Mwanangu Midundo, mwanafunzi asiye na hela ndiye wa kwanza kusaidiwa, na njia zipo. Reaper, programu ya kurekodi muziki, inakupa siku 60 za majaribio, na hakuna kilichofungwa. FL Studio ya majaribio inakuruhusu kutoa wimbo uliokamilika; kasoro yake ni kwamba mradi uliouhifadhi haufunguki tena mpaka ununue. LMMS ya kutunga muziki na Audacity ya kurekodi na kuhariri sauti ni bure moja kwa moja. Kwenye video kuna Kdenlive, na DaVinci Resolve ya bure inamtosha mtu kwa muda mrefu sana.

Mlinzi, kwa boti yako, usizuie neno moja moja. Zuia maneno yanayoandamana, mfano "full" ikiwa jirani na "linki", na badala ya kufuta, ipeleke taarifa kwa wasimamizi mtu aisome. Ukimjibu mgeni, mjibu hadharani na upesi, kabla mwenye inboksi hajamfikia. Usimhutubie. Muulize anataka kutengeneza nini. Akisema anataka kukata video ya harusi na kuweka muziki, mpe jina la programu na sehemu rasmi ya kuipakua, kisha kaa naye mpaka ifunguke. Wengi hawaombi tena.

Ila angalieni msimhukumu asiye na kosa. Mtu anayeuliza namba ya leseni yake iko wapi baada ya kusakinisha Windows upya si mwizi. Kuanzia Windows 8, kompyuta nyingi zinazouzwa zikiwa nayo zina ufunguo ndani ya ubao mkuu, na kisakinishi huusoma chenyewe. Na anayegawa nakala ya programu huria yenye leseni ya GPL anafanya alichoruhusiwa na mwenye kazi.

Mlinzi wa Zamu:

Mama Kinasa, shikamoo, na asante sana. Fundi, nawe pia. Nimewasomea wenzangu, tumekubaliana hivi: anayegawa, au anayemwita mtu inboksi kwa ajili hiyo, anatoka mara ya kwanza. Anayeomba anajibiwa, ujumbe wake unaondolewa, na akirudia baada ya kuelekezwa ananyamazishwa. Boti haifuti tena, inatuarifu tu. Ujumbe wa kubandika nimeuandika hivi:

"Hatutafuti wala kugawa programu zilizochakachuliwa. Tuambie unataka kutengeneza nini na kompyuta yako ina uwezo gani, tutakuelekeza programu halali unayoimudu. Ukiitwa inboksi upewe faili, usilifungue. Mwite msimamizi."

Limebaki moja. Jana kaingia mtu aliyenunua kompyuta iliyotumika, ikaja na programu ya kuhariri ambayo sasa inadai leseni. Yeye hakuchakachua kitu, na aliyemuuzia hapatikani. Mama, huyu unamjibuje?